Mishono ya Wasiojua Kushona

Wiki ya pili baada ya mimi kustaafu, Neema alinipigia simu kutoka chumba cha ushonaji cha hospitali. Mkuu mpya wa idara alikuwa amepita kukagua vyumba, akakuta viti viwili ambavyo si vya wafanyakazi, boksi la vipande vya vitenge, na karatasi ukutani yenye mwandiko wangu: "Usiguse mshono wa mtu." Akauliza vya nini. Neema akajibu kwamba ni vya ndugu wa wagonjwa. Mkuu akauliza ndugu wa wagonjwa wanatafuta nini kwenye chumba cha kushonea shuka. Neema akamwomba muda.

Nikamwambia, mwanangu, hilo halijibiki kwa simu, nitaandika. Basi ninaandika, kwa ajili yake na mwenzake Jofrey na yeyote atakayekalia kiti changu. Ya vyeo na mishahara sitayagusa. Yapo kwenye faili, na faili lenyewe ni jembamba.

Nilifika hospitali nikitokea kiwanda cha nguo cha Nyakato, nilikokuwa nikishona kola. Kola tu. Kwa miaka minane sikuwahi kushona shati zima. Mwingine alishona mikono, mwingine vifungo, na shati lilipokamilika sisi wa kola hatukuliona. Kiwanda kilipofungwa nilijiita fundi, na hospitali ikaniamini.

Mkuu wa chumba alikuwa Bi Zaituni. Alizaliwa hapahapa Mwanza, babu mmoja Mmanyema na mwingine Mwarabu wa Tabora, na kwao kila mtu alikuwa fundi wa kitu fulani. Alikuwa mwembamba, mfupi, na futi yake ya kupimia haikutoka shingoni hata wakati wa kula.

"Shikamoo, Bi Zaituni."

"Marahaba. Jina?"

"Perpetua."

"Haya, Perpetua. Shuka hilo limechakaa katikati. Lipasue kwa urefu, pindo za pembeni uzilete katikati uziunganishe. Kuna cherehani pale."

Nikashona haraka, mshono umenyooka kama reli, nikampelekea. Hakuuangalia. Alitandika shuka juu ya meza ya kukatia, akaniambia nivue viatu, nipande, nilale chali. Nilidhani ananitania. Nikalala. Yeye akaendelea kupiga pasi. Zilipita kama dakika kumi.

"Unasikia nini?"

"Kuna kitu kinanichoma mgongoni."

"Ni mshono wako wa asubuhi. Wewe umelala dakika kumi na una nyama. Kuna mgonjwa kule wodini amelala wiki sita na hana. Fumua."

Siku hiyo nilifumua mara tatu, mpaka nikajifunza kulaza mshono ukawa bapa, pindo zimefichwa ndani, kidole kikipita kisisimame. Kiwandani walitufundisha kuangalia mshono kwa macho. Bi Zaituni alinifundisha kwamba mgonjwa haangalii mshono, anaulalia.

Mengine aliyonifundisha mnayajua kwa sababu niliwafundisha ninyi. Mkasi wa nguo haukati karatasi. Kitambaa kipya kifuliwe mara mbili kabla ya kukatwa, la sivyo gauni la daktari litarudi kutoka kwa wafuaji likiwa la mwanawe. Kila shuka ligongwe muhuri wa hospitali kwenye pembe mbili, maana pembe moja hukatika kwa namna za ajabu. Hata hivyo niliwahi kwenda msibani Buhongwa nikaona pazia la sebuleni lina muhuri wetu, pembe zote mbili. Nilikula wali wangu nikanyamaza.

Sasa hili la ndugu wa wagonjwa lilianza hivi.

Mwaka wangu wa tatu, Nesi Adela wa wodi ya upasuaji ya wanawake alikuja na ombi. Mwanamke akiondolewa titi, alisema, mara nyingi na kwapani hukatwa. Akishusha mkono, mkono unagusa kidonda, akiuinua, anachoka. Alitaka vijimto vidogo vya kuweka kwapani, viwe laini. Bi Zaituni akachora umbo kama jani la mgomba lililokunjwa, nene katikati, jembamba pembeni. Mwanzoni tulijaza sufi, ikawa kosa, kwa sababu sufi ikifuliwa inajikusanya madonge. Tukahamia kwenye mabaki ya sponji kutoka kwa watengeneza magodoro, tukiyakatakata madogo kama punje za mahindi.

Wakati huo kulikuwa na mwanamume anakaa kwenye benchi nje ya jengo letu. Jina lake Magesa, mtu wa kisiwa cha Kome, mtengeneza nyavu. Mkewe alikuwa amekatwa titi siku chache kabla. Kila saa ya kutembelea wagonjwa Magesa aliingia wodini, na kabla saa haijaisha alikuwa amerudi kwenye benchi. Siku ya tatu alisimama mlangoni kwetu, kofia mkononi.

"Mama, naomba kazi."

"Hatuajiri hapa," alisema Bi Zaituni. "Nenda utawala."

"Siombi ya kulipwa. Mke wangu hataki niangalie upande wake. Nikiingia anavuta shuka mpaka kidevuni. Nakaa naye, sina la kusema, na hii mikono," akaiangalia, "haijawahi kukaa bure siku tatu tangu nizaliwe."

Bi Zaituni akamsukumia kiti kwa mguu. Akampa vipande viwili vya kijimto vilivyokatwa tayari, sindano na uzi.

"Mshonee hiki. Kinakaa kwapani. Mshono uwe ndani."

Magesa alishika sindano kama mtu aliyeshika mwiba wa samaki. Aliijua kazi ya sindano, lakini ile yake ya mbao, ya kufumia nyavu. Alitoboa, akavuta uzi, akafunga fundo. Akatoboa tena, fundo. Nikataka kumwambia kwamba fundo ni la mwisho wa mshono. Bi Zaituni akanikanyaga chini ya meza. Mtu yule alishona alasiri nzima, na kila mshono ulikuwa na fundo lake. Kilipokamilika kilikuwa na vinundu pembeni kote kama ngozi ya mamba. Mwenyewe hakuona kasoro.

Bi Zaituni alishona juu yake foronya laini, ili vinundu visimguse mgonjwa, ila aliiacha wazi upande mmoja ili mke aweze kuona ndani. Nesi Adela alitusimulia yaliyofuata. Mkewe alikipokea kijimto, akaingiza vidole, akapapasa, akaanza kucheka huku ameshika kifua kwa maumivu.

"Magesa! Umenishonea wavu!"

"Sasa mimi najua kushona nini kingine?"

Siku hiyo Magesa hakurudi kwenye benchi hadi kengele ya kuwatoa wageni ilipolia. Na mkewe, wakati wa kubadilishwa bandeji kesho yake, alimwambia asitoke.

Ndipo viti viwili vikaingia chumbani. Hatukutangaza. Manesi walituletea watu: yule ambaye anatembea kutwa kwenye korido, yule anayegombana na walinzi, yule anayeuliza swali lilelile kila asubuhi. Mwalimu mmoja wa kiume alimshonea dada yake kofia, nywele za dada huyo zilipokuwa zimeanguka kwa dawa. Alipima kwa kichwa chake mwenyewe na ikamfunika dada hadi puani, lakini dada aliivaa. Baba wa mtoto njiti alishona kofia ya kichwa cha ukubwa wa chungwa. Ilimchukua siku mbili, na alisema hajawahi kufanya kazi ngumu hivyo, naye ni mpasua mawe.

Msidhani kila mara iliishia vizuri. Kijana mmoja alikuwa anamshonea baba yake soksi za kitambaa kizito, kwa sababu mzee alilalamika miguu ni baridi. Akiwa kwenye soksi ya pili, nesi wa wodi ya wanaume aliingia, na uso wake ulitosha. Kijana akamtazama, akaitazama soksi. Akauliza, "Naweza kumalizia?" Bi Zaituni akasema, "Malizia, baba." Akashona mpaka mwisho, akakata uzi. Akaenda nazo zote mbili. Mimi nilikwenda kusimama nyuma ya jengo la kufulia nikajifanya nahesabu shuka kwenye kamba.

Nilimuuliza Bi Zaituni baadaye kama kweli vitu hivi vinasaidia, au tunajipa kazi tu. Alisema, "Mimi si daktari. Ninachojua, mtu aliyekaa na kitu anachokushonea anakufikiria wewe, hafikirii kifo chako. Wewe unakiona hicho kitu, unajua alikaa." Halafu akaniuliza kama nimeshamaliza mapazia ya wodi ya watoto. Sikuwa nimemaliza.

Bi Zaituni alistaafu, akahamia Tabora kwa dada yake, nami nikaachiwa chumba. Hapa ndipo ninafika kwenye jambo lililonifanya nibandike ile karatasi. Nitalieleza lilivyokuwa, ingawa halinipambi.

Aliletwa mama mtu mzima kutoka vijiji vya Misungwi, Bi Mbuke. Sukari ilikuwa imemla macho miaka kadhaa nyuma, na sasa ilikuwa imefika mguuni. Daktari alisema mguu utolewe chini ya goti, tena upesi, kwa sababu kidonda kilikuwa kinapanda. Bi Mbuke alikubali kwa shingo upande.

Alikuwa na binti, Kabula, anayekaa Buswelu na kufanya kazi ya kusafisha samaki kiwandani. Alikuja kila siku baada ya zamu, mikono ikinuka sabuni ya ndimu juu ya sangara. Alisimama miguuni mwa kitanda akasema, "Mayu, shikamoo," mayu ni mama kwa Kisukuma. Mama yake akageukia ukutani. Hakuitika. Siku ya pili hivyohivyo, na ya tatu. Wodi nzima ilisikia shikamoo ile ikianguka chini. Nesi Adela akamleta kwangu.

Kabula alinieleza huku akichagua vipande kwenye boksi. Alipata mimba akiwa kidato cha pili. Baba yake alimfukuza asubuhi, mbele ya majirani. Mama alikuwa jikoni, akasikia yote, asitoke. Kabula akaja mjini, akajifungulia kwa shangazi yake, akalea mtoto wa kike peke yake. Baba alipofariki Kabula alipewa habari kwa wakati, akakataa kwenda.

"Sikumzika," alisema. "Nilikaa Buswelu nikafua nguo siku nzima. Ndilo mama hanisamehe."

"Na wewe, umemsamehe la jikoni?"

Alichagua kipande cha bluu. "Nimekuja, si nimekuja?"

Alitaka kumshonea mama shuka dogo la viraka, la kufunika magoti. Hakuwa ameshika sindano tangu shule ya msingi. Mishono yake ilikuwa mirefu, imelala kila upande kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe. Lakini alishona alasiri nne mfululizo, ulimi nje, akifumua na kurudia. Jioni ya nne upasuaji ulikuwa umepangwa asubuhi inayofuata, na shuka bado halijafika mwisho. Kabula ilimbidi kuondoka akamchukue mtoto.

"Acha hapa," nilimwambia. "Nitakuwekea."

Akaliacha. Nami nikaliangalia lile shuka juu ya meza yangu, kwenye chumba changu, na nikaona aibu kwa niaba yake. Niseme ukweli, niliona aibu kwa niaba yangu. Nilikuwa fundi mkuu sasa. Nikakaa kwenye cherehani, nikachukua wembe, nikafumua safu baada ya safu na kuzishona upya kwa mashine, bapa, zimenyooka, nikamalizia na sehemu iliyobaki. Safu moja tu ya pembeni sikuigusa, kwa sababu uzi wa rangi ile uliniishia kwenye bobini na mlinzi alikuwa anataka kufunga. Nikalikunja, nikalipeleka wodini mwenyewe, nikamwambia nesi wa zamu, "Hili ni la Bi Mbuke, limetoka kwa binti yake." Nilikwenda nyumbani nimefurahi. Nilimsimulia hata mume wangu.

Asubuhi Nesi Adela alinikuta natoa kifuniko cha mashine.

"Perpetua, ulifanya nini?"

Bi Mbuke alikuwa amepewa shuka. Alilipapasa kwa vidole, taratibu, mshono kwa mshono, jinsi wasioona wanavyosoma vitu. Akauliza nani kalishona. Nesi akamjibu, binti yako. Akasema, "Hii ni mashine. Amenunua dukani, kisha mnaniambia kashona. Hakuja kumzika baba yake, na mimi ananizika kwa kitu cha dukani." Akalisukuma likaanguka sakafuni. Kabula alikuwa amekuja mapema kabla ya zamu, amesimama mlangoni, akasikia yote. Akageuka akaondoka.

"Sasa anasema hakatwi," alisema Adela. "Anataka arudishwe kijijini afie kwake. Daktari amempa mpaka kesho. Baada ya hapo, anasema, hata wakikata itakuwa kazi bure."

Mkono wangu ulikuwa bado umeshika kifuniko. Nilikiweka chini nikaenda wodini.

Alikuwa amelala ameangalia ukuta. Nilisalimia. Hata mimi hakuniitika.

"Mama, mimi naitwa Perpetua. Ni fundi wa hapa. Lile shuka alilishona Kabula, kwa mkono, siku nne. Mimi ndiye nililifumua jana nikashona kwa mashine. Hakujua. Hakuniomba."

Akauliza bila kugeuka:

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno kuhusu upasuaji na muda kuwa mfupi. Nikayaacha.

"Mishono yake ilikuwa mibaya. Niliona aibu ionekane imetoka chumbani kwangu."

"Ionekane na nani? Mimi sioni."

Niliokota shuka, nikatafuta ile safu ya pembeni ambayo sikuifikia. Nikauomba mkono wake, akaniachia kama anayemwachia mtoto msumbufu. Nikaweka vidole vyake kwenye mshono wa mashine.

"Huu wangu." Kisha nikavisogeza pembeni. "Na hapa je?"

Vidole vilisimama. Vikarudi nyuma, vikapita tena, vikagusa kila mshono mrefu uliolala vibaya, na kila mahali uzi uliporudiwa.

"Hapa kuna mtu," alisema.

"Ni yeye, mama."

"Yuko wapi?"

Sikujua kwake Buswelu zaidi ya kwamba ni karibu na mashine ya kusaga, nyuma ya jabali lenye msalaba wa chokaa. Nikapanda bodaboda bila kuaga, na hilo ndilo kosa langu la pili, maana nilitakiwa kukabidhi magauni ya upasuaji saa nne. Kabula hakuwa ameenda kazini. Nilimkuta uani anafua, mikono imezama kwenye povu mpaka viwikoni. Nikamwambia nilichofanya.

Alisimama. Maji yakamchuruzika kwenye gauni.

"Mama, nilikwambia nisaidie?"

"Hukuniambia."

"Siku nne! Vidole vimetoboka!" Akanionyesha. "Nilisema hata asiponiitika, atakaa na kitu nilichogusa. Wewe umekifuta. Ulidhani mimi sioni kwamba kimepinda?"

"Una haki ya kunitukana."

"Sitaki kukutukana, wewe mkubwa. Nataka siku zangu nne."

"Sina pa kuzitoa," nikasema. "Lakini mama yako ameuliza uko wapi. Ameuliza mwenyewe."

Alirudi kwenye beseni akakamua nguo moja, mbili. Sikumharakisha. Nilidhani nimeshindwa. Kisha akafuta mikono kwenye kanga, akamwita jirani aangalie nguo zake.

Wodini alisimama palepale miguuni mwa kitanda. Hakusema shikamoo. Alichukua shuka, akaniomba wembe, akakaa kwenye kiti na kuanza kufumua mishono yangu. Nilizisikia nyuzi zikikatika, na wala sitasema haikuniuma. Bi Mbuke alisikiliza. Baada ya muda akanyoosha mkono hewani, akakutana na kitambaa, akashika upande wa pili ili kisimponyoke.

Kabula akatunga uzi, akaanza kushona.

"Unavuta sana," alisema mama yake.

"Ndiyo mayu."

"Mirefu hiyo. Unamkimbia nani?"

Sindano iliendelea. Nilikuwa nataka kuondoka ila mlango ulikuwa upande wao, nikabaki nimeshika chuma cha kitanda kama mgeni asiyeagwa.

"Siku ile nilikuwa jikoni," alisema Bi Mbuke. "Nilikuwa nimeshika mwiko. Ugali uliungua nikauangalia unaungua. Nilisema baba yako akimaliza kupiga kelele nitatoka. Alipomaliza ulikuwa umeshavuka barabara."

"Nilingoja kidogo pale barabarani," alisema Kabula.

"Sikujua."

"Nami sikuja kumzika. Nilijua siku, na gari lilikuwepo."

"Najua. Nilikungoja na mimi."

Basi. Hawakukumbatiana wala hawakulia kama watu wanavyotegemea nikisimulia. Kabula alishona, mama akashika kitambaa. Kabla ya giza Bi Mbuke alimwita nesi, akauliza ile karatasi ya daktari ya kukubali upasuaji iko wapi, akaweka dole gumba.

Walimkata mguu asubuhi. Aliingia chumba cha upasuaji bila shuka, kwa sababu haliruhusiwi, na aliwagombeza kwa hilo. Alipozinduka lilikuwa magotini, yaani goti la mguu uliobaki na lile lililofungwa bandeji. Akakaa nasi wiki tano, kisha akahamia Buswelu kwa Kabula. Nilikwenda kuwaona mara kadhaa. Waligombana kuhusu chumvi, kuhusu redio, kuhusu namna ya kumkaripia mjukuu, na mjukuu alikuwa upande wa bibi daima.

Niliandika ile karatasi wiki hiyohiyo ya upasuaji. Jofrey aliwahi kuniambia imekaa kama tangazo la polisi. Ni sawa, iliandikwa na mtuhumiwa.

Ilipita kama miaka minne. Mashine mpya ikaja, ile yenye vitufe, mkaniona nikiizunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi kipya. Macho yangu yakaanza kuhitaji miwani hata kutunga uzi. Na miezi miwili kabla sijastaafu, siku ambayo ninyi wawili mlikuwa ghalani mnapokea vitambaa, Kabula alikuja. Alikuwa amenyoa nywele. Nikajua.

"Lini?"

"Wiki mbili sasa. Usingizini tu, mama. Tumempeleka Misungwi, amelala pembeni ya baba."

Nikampa pole, nikampa kiti. Aliniambia kwamba alifika katika ua wa kwao kwa mara ya kwanza tangu afukuzwe. Watu walikuwa wanamtazama atafanya nini. Kaburi la baba yake lilikuwa limeota majani, kaka zake hawakai kule. Baada ya kumzika mama alipiga magoti pale akaanza kung'oa. Shangazi akamwita aje kula, akasema anakuja, na hakwenda mpaka udongo ukabaki mtupu.

"Ulimwambia kitu?" niliuliza.

"Baba? Hapana. Niling'oa tu."

Kisha akafungua mfuko wa rambo akatoa gauni la Bi Mbuke, la kitenge cha kahawia chenye maua ya njano, limefuliwa na kupigwa pasi. Binti yake, alisema, tangu msiba hali chakula vizuri. Analala na hilo gauni limekunjwa chini ya shavu. Alitaka kulifanya mto.

"Ukate wewe," alisema. "Nimejaribu nyumbani, mkasi haukubali."

Nikalitandaza mezani. Kukata nguo ya marehemu mbele ya mwanawe ni kazi ninayowaachia mwone wenyewe siku yenu ikifika. Nitasema tu kwamba mkasi uwe mkali, na msisimame katikati. Nilikata vipande viwili kutoka kwenye mgongo wa gauni, ambako kitambaa hakikuchakaa. Nikauliza kama anataka mashine. Aliniangalia, tukacheka wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

Alishona upande wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mishono mirefu vilevile. Nilimletea mfuko wa sponji, akautazama akaufunga.

"Huu wa nne nitauacha wazi," alisema. "Nitaenda nao hivihivi. Mwanangu ajaze mwenyewe, tufunge wote."

Nikamfungia sindano mbili kwenye karatasi.